Ruhusa ya Kwanza ya Baba

Tartu, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa Tarmo,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, na matumaini yangu ni kwamba barua hii itakukuta wewe na wifi Ragnhild mkiwa wazima, na mvua ya huko Bergen ikiwa imewapa angalau siku moja ya kuanika nguo. Mimi ni mzima kabisa. Usinicheke mwandiko, naandika mbiombio kwa furaha na kwa jambo jingine utakaloliona mbele. Najua simu ingekufikia upesi zaidi, lakini yaliyomo humu siwezi kuyasema huku nikisikia unavyopumua.

Kaka, kile kitu chetu kimefanya kazi! Unakumbuka nilivyokuchosha na habari za tokeni hadi ukaniuliza kama ni zile za mashine ya kufulia? Sasa sikiliza. Taarifa zako za matibabu zinabaki hospitalini, zimefungwa. Anayetaka kuzisoma, awe daktari au profesa, lazima umpe tokeni, yaani kibali cha kidijitali, wewe mwenyewe kutoka kwenye simu yako, yenye jina lake na siku ya mwisho. Ukibadili mawazo unaifuta, na mlango unajifunga papo hapo. Na kila unapofunguliwa, habari hiyo inaingia kwenye blokcheni, yaani daftari moja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ili asiwepo bosi wala fundi wa kufuta mstari kwa siri. Hata mimi niliyelitengeneza siwezi.

Jumamosi mimi na wenzangu wa kazini tulivuka kwenda kisiwani kwetu Hiiumaa kulijaribu mbele ya watu, katika ukumbi wa maktaba ya Kärdla. Walikuja ishirini na sita, wengi wao wazee. Bi Salme, yule jirani aliyekuwa akitufukuza kwenye miti yake ya tufaha, alijitolea kuwa wa kwanza. Alimpa daktari tokeni, faili likafunguka kwenye skrini ya daktari. Halafu akabonyeza kufuta, akauliza kwa sauti ya kwaya, "Daktari, bado unaniona?" Daktari akasema, "Sikuoni tena, Bi Salme." Naye akajibu, "Afadhali! Tangu mwaka jana nilikuwa natafuta kitufe cha kukuzima!" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mimi nililia, Tarmo, nililia mbele ya watu kama mtoto.

Na Baba alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa, kofia kichwani, kama mtu aliyepita tu. Unamjua. Tangu siku ile, miaka miwili iliyopita, alipoona jina lako kwenye orodha ya waliofungua faili lake, hajamruhusu hata daktari wa meno aandike neno. Na jina lako halijatoka kinywani mwake. Basi akanyoosha mkono, akauliza, "Na mtu akichukua kadi ya mwenzake, akajua na namba zake za siri?" Nilihisi masikio yanawaka. Nikamjibu kwamba kadi ya kuiba haitatosha tena, kwa sababu ombi linamfikia mwenye faili kwanza, naye ndiye anayesema ndiyo au hapana. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Hicho kingenifaa zamani," akatoka.

Nilimfuata nyumbani. Nilimkuta jikoni akimenya viazi, nikamwambia pale pale, kabla sijavua koti. Sasa nakwambia na wewe.

Ni mimi, Tarmo. Siku ile ulipokuwa kwangu, uliingia sauna kuoga mvuke, ukaacha kadi yako ya kazi ya hospitali mezani. Namba zako nilizijua, kwa kuwa hujawahi kubadilisha namba yoyote maishani mwako. Baba alikuwa ameanguka bustanini wiki ile, na kila nikimuuliza daktari kasema nini, ananijibu kasema hali ya hewa ni nzuri. Niliogopa. Nikafungua faili lake kwa jina lako, nikasoma, nikarudisha kadi ulipokuwa ukijimwagia maji. Ulipoapa kwamba si wewe, nilikaa kimya. Walipokuhoji kazini nilikaa kimya, na ulipofunga mizigo kwenda Norwe nilikusindikiza hadi uwanja wa ndege, bado nimekaa kimya. Niliunda kitu hiki kwa aibu, watu wakidhani ni kwa akili.

Baba hakugombana nami. Aliendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kama kokwa, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu nilimfukuza bure." Akanawa mikono, akavaa miwani, akaniambia, "Nionyeshe pa kuandika jina." Aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, TARMO. Alipofika kwenye siku ya mwisho akauliza kama anaweza kuweka mpaka afe. Nikamwambia mfumo unakubali miaka kumi tu. Akasema, "Weka kumi. Ikiisha nitamwongezea."

Ujumbe wa tokeni yake ulishaingia kwenye simu yako. Usidhani ni matapeli. Nilichokisoma miaka miwili iliyopita sikiandiki hapa, maana si changu kukigawa, na kilikuhusu wewe pia kama mwanawe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Fungua leo, usome mwenyewe, kisha mpelekee daktari wako. Mimi nimeshakwenda kwa wangu.

Hospitali yako ya zamani nimeiandikia ukweli wote, nakala ni hii hapa pamoja na barua. Kazini kwangu pia nimesema. Huenda nikaondolewa, na nitaondoka bila kinyongo. Sitegemei unisamehe kwa karatasi hizi tatu. Kasirika unavyotaka, nami nitapokea, ila faili lifungue kwanza.

Mbusu wifi kwa niaba yangu. Bi Salme anauliza kama bado unaiba tufaha. Baba hakunipa salamu za kukuletea. Amesema zake atakupa mwenyewe, na tangu Jumamosi simu yake haitoki mkononi.

Nduguyo aliyekukosea na anayekupenda,

Leelo