Mwenyekiti wa Kura Ishirini na Tatu

Zahanati ya kijiji,
Masukulu, Rungwe.
Ijumaa, mchana.

Kwako dada yangu Somoe,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba macho ya mama hayajazidi kufifia. Je, dawa ya matone niliyoituma kwa dereva wa Masasi ilifika? Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi. Naandika mistari miwili, nainuka, nakwenda dirishani, naitazama mvua, narudi kukaa. Leo wagonjwa ni wachache, na ukimya huo ndio unaonisumbua zaidi.

Najua umekasirika. Miezi minne sijaandika, na barua yako ya mwisho ilikuwa na swali moja tu: "Uhamisho umefikia wapi?" Nitakujibu, lakini si kwa neno moja. Nivumilie nikusimulie kuanzia mwanzo, maana nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mtu wa njiani.

Unakumbuka mwaka jana nilikuandikia kwamba huku nako walikuwa wakijiandaa kuchagua mwenyekiti wa kijiji, kwa mara ya kwanza vyama vikiwa viwili. Sanduku liliwekwa darasa la tatu hapo shuleni. Msimamizi alikuwa Mwalimu Kalinga, mtu wa Iringa, mgeni kama mimi. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na upande wa Mpuguso kulikuwa na msiba mkubwa. Huku, dada, mtu akifa, kijiji kinahama. Waliobaki walikuwa na ndizi za kukata na chai ya kuchuma. Asubuhi nilimpitia jirani yangu Bibi Tupokigwe, mama mmoja mtu mzima ambaye ndiye aliyenipokea nilipofika hapa. Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani yake, kura kwake ni kula.

"Kula yangu moja itaongeza nini, mwanangu?" akaniambia. "Mwenyekiti ni mwenyekiti tu. Wote watatuambia tulime barabara."

Nikacheka. Na usidhani mimi nilikwenda. Mchana nilikuwa uani, chini ya upenu, nafua sare zangu, Mwalimu Kalinga akasimama kwenye ua na mwavuli wake. "Nesi, imebaki nusu saa. Karatasi zimejaa mezani, watu hakuna." Nikamjibu, "Mwalimu, mimi mpita njia hapa. Kesho kutwa naweza kuwa kwetu Newala." Akanitazama kidogo, akaondoka. Kutoka uani kwangu hadi darasa la tatu ni hatua zisizofika mia mbili. Nimezihesabu baadaye mara nyingi.

Kijiji kizima walikuja watu arobaini na mmoja. Bwana Ambokile, mwenye mashine ya kusaga, alipata kura ishirini na tatu, mwenzake kumi na nane. Ukiwatoa wake, wanawe na wakwe zake Ambokile, sijui wanabaki wangapi. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ni mpole, anasalimia mpaka watoto. Ila anapenda mno kupendwa na wageni wenye magari.

Na magari yakaja. Siku hizi za ruksa kuna neno jipya, mwekezaji, bila shaka hata huko limefika. Wetu alitoka mjini, anataka kufuga ng'ombe wa maziwa. Akaonyeshwa bonde lililo chini ya shule. Katika bonde hilo, dada, ndiko iliko chemchemi yetu. Maji yanatoka chini ya jiwe masika na kiangazi, baridi, safi, ndoo inajaa ukiwa umesimama. Nilipofika hapa mara ya kwanza niliinama pale nikanywa kwa viganja, nikalia. Nilitukumbuka sisi wawili na madebe kichwani, tunateremka bondeni saa kumi za alfajiri, tunapanda jua likiwa utosini, na mama anatugawia maji kwa kata kana kwamba ni mafuta. Watu wa hapa waliponiona nalia kwa ajili ya maji walidhani nina wazimu.

Mwezi wa tatu zikasimikwa nguzo. Wiki mbili baadaye seng'enge ilikuwa imezunguka bonde lote, na mlinzi getini. Wanawake wakaambiwa wateke mtoni. Mto upo, lakini kingo zake zimesimama kama ukuta na udongo wa huku ukilowa huteleza kama sabuni. Watu walinung'unika kwenye klabu za pombe na nje ya kanisa. Kunung'unika tu. Na mimi nilinung'unika, huku nikichemsha maji ya matope ya kuoshea vyombo vya kuzalishia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mjukuu wa Bibi Tupokigwe anaitwa Subilaga, ana miaka kumi na tisa, na wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Nilimpima mwenyewe siku ya kliniki, mtoto alikuwa amekaa vizuri, moyo unapiga vizuri. Kesho yake asubuhi aliteleza ukingoni na ndoo yake. Wanawake walimleta kwa machela ya mianzi na blanketi, uchungu umeshamshika. Nilijitahidi, dada. Mtoto alitoka hai, mdogo, wa kike. Aliishi mpaka saa nane mchana.

Chumba kilijaa wanawake. Bibi Tupokigwe alikuwa amekaa sakafuni, amekishika kile kichanga kwenye kanga, na akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya chumvi.

"Huyu Ambokile, nani alimpa uenyekiti?"

Wanawake wakainua vichwa.

"Nauliza. Humu ndani nani alimpa kula?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Na nani alimnyima?"

Hakuna pia. Akatikisa kichwa. "Basi ni sisi," akasema. "Ni sisi wote." Akainama juu ya mtoto, akamfunika uso kwa kanga.

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila sababu.

Baada ya mazishi Mwalimu Kalinga alituambia kwamba ardhi ya kijiji haigawiwi na mwenyekiti na wenzake wachache, lazima mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na wanakijiji wana haki ya kudai mkutano. Tukadai. Mkutano ukaitishwa, na unadhani nini kilitokea? Walikuja watu wachache, wengi wao wanawake. Mtendaji wa kata akatazama saa, akasema akidi haijatimia, akaahirisha mkutano, akafunga daftari. Bwana Ambokile alitupa mkono mmoja mmoja, akatutakia safari njema ya nyumbani. Nilirudi nikiwa na hasira mpaka masikio yanavuma, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ndipo nikafanya lile lililoniletea matatizo. Siku za kliniki ya watoto, akina mama wanakuja kutoka vitongoji vyote. Kila niliyempimia mtoto uzito, nilimwambia: "Mkutano wa pili ni Alhamisi ya wiki ijayo. Njoo, na baba wa mtoto aje." Mchana nilipokwenda kuwatembelea wazazi majumbani, nilisema hayo hayo. Wanaume wengine walinifukuza. Mmoja aliniuliza, "Wewe wa Newala, maji ya hapa yanakuhusu nini?" Nikamwambia maji ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri kuliko yeye. Akaja.

Alhamisi hiyo walijaa uwanja wa shule. Wachuma chai walikuja na vikapu mgongoni, wazee na viti vyao. Alikuwepo na afisa kutoka wilayani. Akaomba muhtasari wa mkutano uliokubali kutoa bonde. Ukaletwa, na chini yake orodha ndefu ya waliohudhuria, kila jina na saini. Mwalimu Kalinga akaomba majina yasomwe.

Dada, lilisomwa la kwanza, mwenye jina akasimama: "Sikuwepo." La pili: "Sikuwepo." Likasomwa jina la mzee ambaye alikuwa amezikwa tangu Krismasi, watu wakaguna. Kisha nikasikia, "Hadija, muuguzi wa zahanati." Nikasimama nikasema, "Sikuwepo." Kisha, sijui nani alinisukuma, nikaongeza: "Na siku ya kura pia sikuwepo. Nilikuwa nafua nguo." Hakuna aliyecheka.

Bwana Ambokile alisimama polepole. Alivua kofia yake. "Mkutano ule nilipiga mbiu siku tatu," akasema. "Nilikaa hapa hapa, walikuja watu tisa. Nikaandika waliopaswa kuja."

"Ungesubiri," Mwalimu Kalinga akamwambia.

"Ningesubiri nini, Mwalimu? Hata kunichagua hamkuja. Mlitaka nimsikilize nani?"

Nakuambia kweli, hapo uwanja mzima uliinamisha macho. Kosa lilikuwa lake, saini zile hakuna wa kuzitetea, na bado hakupatikana mtu wa kumjibu. Akatoa muhuri wa kijiji mfukoni, akauweka mezani mbele ya afisa, akaondoka akipita katikati ya watu. Wakampisha. Mimi nilitegemea nifurahi, sikufurahi.

Afisa aliandika kwamba muhtasari haufai. Shauri la bonde limepelekwa juu na mpaka leo halijarudi. Geti linafunguliwa asubuhi na jioni, wanawake wanapita mmoja mmoja mlinzi akiwatazama. Seng'enge ipo palepale. Mwenyekiti mpya atachaguliwa baada ya wiki tano, na tayari ndugu yake mwekezaji huyo, aliyehamia hapa juzi, amechukua fomu. Anagawa kofia. Nimeanza tena kuwasikia watu wakisema, "Aah, wacha wengine waende."

Sasa swali lako. Jumatatu niliitwa Tukuyu kwa mkubwa wangu wa kazi. Kulikuwa na malalamiko kwamba nimefanya kliniki kuwa mkutano wa siasa. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikaripia. Kisha akasema, "Nesi Hadija, umeomba kurudi kwenu mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

Akanisogezea karatasi. Uhamisho, dada. Newala. Kuripoti ndani ya siku kumi na nne.

Nilimwuliza kama naweza kuondoka baada ya wiki tano. Akaelewa mara moja. "Kwa ajili ya kura moja?"

"Yule alishinda kwa kura tano, mzee. Sisi watumishi wa zahanati na shule tusiokwenda tulikuwa saba."

Akavua miwani, akaifuta. "Nafasi kama hii huja mara moja. Ukiirudisha, sitaweza kukuahidi kitu. Na hayo malalamiko yatabaki kwenye faili lako. Nenda ukafikiri, unijibu kesho."

Nililala kwa muuguzi mwenzangu, mtaa unaoitwa Bagamoyo, nao hauna hata harufu ya bahari. Jioni nilizunguka madukani nikanunua sabuni na viberiti nisivyovihitaji. Nilimfikiria mama anavyoupapasa mlango. Nilikufikiria wewe, uliyembeba miaka yote hii peke yako, na hujawahi kunitupia neno. Nilifikiri nikija nitakupumzisha. Kisha nilimfikiria Subilaga, ambaye Jumamosi iliyopita alikuja hapa kuniuliza jina lake linaandikishwa wapi, na kama yeye, aliye mdogo, anaruhusiwa. Nilimwambia tutakwenda pamoja.

Asubuhi nilirudi ofisini nikaiweka ile karatasi mezani. Mzee akaichukua, akaifungia kwenye faili langu. Kwenye gari la kurudi nililia mpaka mama mmoja wa pembeni akaniambia, kwa neno lao la kupeana pole, "Ndaga, mwanangu, pole na msiba."

Sijui kama nimefanya sawa, Somoe. Labda siku hiyo mvua itanyesha tena, watu wakae majumbani, kofia zishinde, na mimi nitakuwa nimepoteza vyote viwili. Nalijua hilo. Kila nikikaa linanijia, ndiyo maana sikai.

Nisalimie shemeji, umwambie nashukuru kwa mkoba wa korosho. Nisalimie mjomba, mkubwa wetu. Najua atakasirika kwamba sikumwuliza yeye kwanza, na ana haki. Nisalimie wifi, na mdogo wetu wa mwisho, asiache shule. Watoto wako wabusu mmoja mmoja.

Mama mwambie wewe. Nimejaribu kumwandikia karatasi yake peke yake, na kila nikifika kwenye neno "sitakuja" kalamu inakataa. Msubiri amalize kuswali, mkae karibu, umwambie taratibu. Akiuliza kwa nini, mwambie ni maji. Ataelewa kabla yenu nyote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuomba radhi,
Hadija