Misa ya Kwanza Ilikuwa Kilabuni kwa Mama

Pasua, Moshi
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Fabian,

Tumsifu Yesu Kristo! Hujambo? Monica na watoto hawajambo huko Mwanza? Sisi tu wazima. Mama miguu ndiyo imegoma, ila masikio yake bado makali.

Salamu zimetosha. Nimekasirika kwelikweli.

Juzi kitabu cha jubilei ya parokia yetu kimetoka. Miaka hamsini! Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikakuta eti Misa ya kwanza hapa Pasua ilisaliwa nyumbani kwa Mzee Yakobo. Yakobo gani? Huyu aliyehamia hapa kanisa likiwa tayari na bati?

Wewe unajua ilikuwa wapi. Ilikuwa kilabuni kwa Mama! Jumamosi mchana aliwafukuza walevi, mbege ikibaki anaimwaga, mimi na wewe tunasugua mabenchi kwa majivu. Meza ya kuuzia pombe ndiyo ilikuwa altare. Leo pale ni fremu za maduka na vyumba vya kupanga, hata mgomba mmoja haupo. Kitabu nacho kikidanganya, nani atajua?

Nikamfuata Jovin, katibu wa kamati, nikamfokea mbele ya wanakwaya. Maskini, alinitolea tu barua waliyoitegemea kuandika historia hiyo. Mwandiko wako, Fabian. Na sahihi yako.

Kumbe unamwonea aibu! Mbege hiyohiyo ndiyo iliyokusomesha mpaka ukavaa tai. Sasa umekuwa mwenyekiti wa jumuiya huko, hutaki wajue mama yako aliuza pombe. Huna haya hata kidogo?

Jumapili ya tarehe 5 Oktoba historia itasomwa kanisani. Mama ameshashonesha gauni, anangoja kusikia jina lake. Ana miaka themanini na nane, hatasubiri jubilei nyingine. Sijamwambia neno. Jovin anasema watasahihisha, ila lazima wewe uliyesaini uje useme mwenyewe.

Humu kwenye bahasha nimekuwekea jani la isale, nimelikata kihambani, shamba letu la ukoo kule juu. Sidhani umesahau kwamba anayeombwa msamaha kwa isale hawezi kukataa. Panda basi uje. Mpe Mama kwa mikono miwili, umwambie ulichofanya, kisha nenda kwa Jovin.

Nisalimie Monica, watoto, na shangazi Kornelia. Mungu awatunze, na wewe akufikishe salama. Jani hilo usije ukaniletea mimi. Mimi ningelikataa.

Dada yako, akupendaye hata kwa hasira hizi,
Hilda