Yaya Mwajuma, tupe jina yako

Mupendwa yaya, dada yangu mukubwa,

Nilikuomba kwa telefone mutoto wangu akuwe ndoyi wako, abebe jina yako. Ukasema hapana, eti ile jina ilipita mu vita, haiko jina ya kupatia mutoto mupya. Kisha ukakata telefone mbele sijamaliza. Basi ninakuandikia mbele ya watu wote. Barua haikatiki.

Unakumbuka ile asubuhi masasi ya vita ilianza kulia upande wa port? Mama alikuwa amevuka muto Lualaba kuuzisha mihogo, tulibaki sisi wawili mu nyumba, huku Alunguli. Wewe miaka kumi na mbili, mimi tano. Ulinifunga ku mugongo na kitambaa, mimi mutoto mukubwa vile, miguu yangu karibu inaburuta chini, tukashika njia ya Kalima mupaka ku ule mulima. Kule juu ulinishusha, nguvu imeisha. Na maua ilikuwa mingi, vraiment, kila rangi.

Nililia mama, mama, mama. Njo ukaanzisha ule muchezo: maua tuipatie majina ya watu wa avenue yetu. Ile ya manjano yenye kufura, Mama Riziki na kilemba yake ya sala ya dimanche. Ile ya bluu yenye kuinama, Papa Saidi mushonaji, shingo ku mashine. Nilicheka mupaka nikasahau masasi. Avenue muzima ilipata ua. Kisha nikaona kamoja keupe, kadogo, peke yake ku jiwe, nikasema haka njo Mwajuma. Ulinishika mukono kwa nguvu.

"Yangu hapana. Nikifia hapa, utaogopa maua maisha yako yote."

Sikuelewa. Nilifikiri unakataa juu kalikuwa kadogo, wewe mwenye kujiona.

Juma iliyopita nilipeleka mutoto na mama yake, bibi yangu, kule, na pikipiki. Ile njia nyekundu inapanda, inazunguka, pori inafunguka, unaona Lualaba kule chini inang'aa, na bibi yangu ku nyuma ananipiga ngumi nipunguze mwendo. Tulimalizia na miguu. Maua ilikuwa palepale. Nikamuonyesha Mama Riziki, nikamuonyesha Papa Saidi, nikamuambia ule muzee hakupona ku ile vita. Bibi yangu akainama mbele ya ile ua ya bluu, akasalimia polepole: "Jambo, papa."

Hapo nikakaa chini. Yaya, ulikuwa mutoto. Miaka kumi na mbili, na ulikuwa unapanga namna gani nitaishi kama wewe umekufa.

Lakini haukufa! Uko Lubumbashi, unauzisha mikate, unakatia watu telefone. Jina yako ilipanda mulima na mutoto, ikashuka naye muzima. Nani mu hii avenue iko na jina yenye nguvu vile? Unaniambia imeharibika. Mimi ninakuambia ni hiyo ilinilinda, na ninaitaka kwa binti yangu.

Sasa iko na miezi mbili, tunamuita tu Bebe, na ku biro ya commune wamechoka kutungojea. Siku ya lundi ninaenda kumuandikisha jina Mwajuma. Ukikasirika, panda treni, hata ikichelewa juma mbili. Miaka kumi haujarudi huku. Kuja unigombeze.

Mudogo wako, baba ya ndoyi wako