Bibi Haruko na Picha ya Mpunga

Penrith, Sydney

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekufikia? Sisi wazima, ila baridi inatung'ata. Mjukuu wako Neema nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini ugali anaudai kwa Kiswahili safi!

Mama, utacheka: mwanao nimekuwa mchoraji.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tunaye Bibi Haruko, Mjapani. Alikuwa na picha aliyochora marehemu kaka yake, wanawake wa kijijini kwao wakipandikiza mpunga. Bomba likapasuka chumbani, picha ikalowa, rangi zote zikachuruzika. Tangu hapo bibi akasusa chakula, hata chai ni ya kumbembeleza.

Siku moja nikamwambia, "Bibi, nieleze ilivyokuwa, tuichore upya."

"Kwani unajua kuchora?"

"Sijui. Ila mpunga naujua."

Binti yake akatuletea rangi za maji. Mimi kwa pupa nikapaka kama napaka ukuta chokaa. Karatasi ikavimba, mbingu ikamwagikia shambani. Bibi akacheka, Mama, kwa mara ya kwanza! "Maji mengi, rangi kidogo," akasema. "Halafu subiri ikauke."

Mikono yake inatetemeka, lakini mdomo hautetemeki hata kidogo. Milima isogee nyuma, kofia za majani ziwe pana! Nikitoka shifti nakaa naye, tunaharibu karatasi, tunaanza tena. Migongo ya wale wanawake ndiyo iliyonishinda, mpaka nilipokukumbuka kwenye majaruba yetu ya mpunga kule Ubaruku, umeinama, mkono mmoja gotini, mwingine umeshika miche. Nikachora hivyo hivyo.

Ilipokauka, akaivuta karibu na macho. Kisha akaweka kidole juu yako wewe.

"Huyu ni mama yangu."

"Hapana, Bibi, huyo ni mama yangu mimi!"

Akanitazama, akaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Nesi akaja mbio kuuliza kuna nini. Mchana huo bibi alimaliza wali, akaomba mwingine.

Picha sasa imetundikwa kwenye chumba cha kulia chakula. Nimeipiga kwa kamera, nimesafisha nakala dukani, imo humu kwenye bahasha. Jitafute.

Nisalimie Baba, kaka Yona na shemeji, na shangazi. Bibi Haruko naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuulize: maji ya mfereji mwaka huu yamefika shambani?

Mwanao akupendaye,
Tumaini