Nafasi ya Sola Zako Juu ya Paa

Mtaa wa Juu,
Halba, Akkar.
6 Novemba 2022

Mpendwa Mjomba Nadim,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Hamburg? Kile kikohozi chako kimepona? Sisi tupo, ila tumechoka. Umeme wa serikali hauji, na jenereta ya mtaa huzimwa usiku. Ikizimwa, mashine ya oksijeni ya Bibi hubaki kwenye betri kuukuu, nami na Mama hupokezana kukaa macho tukiisikiliza. Shuleni nasinzia juu ya vitabu.

Tumesikia kuhusu paneli za sola ulizotununulia. Mungu akulipe. Naona haya kuandika yanayofuata.

Juzi Baba alimwita fundi Fawwaz apime paa. Alipoambiwa paneli zitatoka kwako, akakunja kamba yake ya kupimia, akamwambia Baba:

"Abu Jad, ukichukua kwangu, zikiharibika niite hata siku ya Idi. Ukileta zako, mwite aliyezinunua."

"Yuko Hamburg."

"Basi piga kelele sana, huenda akasikia."

Baba alicheka pale. Hajacheka tena. Jirani yetu Ghassan alijiletea zake mwaka jana. Zilipozima, muuzaji alilaumu nyaya, fundi akalaumu paneli. Sasa mkewe anaanika nguo juu yake. Mimi nilisoma vitabu vyote vya maktaba kuhusu sola, nikidhani tutazifunga wenyewe, lakini nikifika katikati ya ngazi narudi chini kwa woga.

Fawwaz yuko tayari kufunga zake wiki hii, tulipe kidogo kidogo. Bibi ndiye amekataa. Anasema sola ya mtu mwingine haitapanda paa hili kabla ya ile ya mwanawe. Mama akamweleza kuwa meli itachukua miezi, na baridi imeshaanza.

"Basi nitapumua polepole," akajibu.

Mjomba, Bibi atakusikiliza wewe tu. Mpigie simu. Mwambie umeghairi, umezigawa, chochote kile. Tafadhali usiseme nilikuandikia haya. Hata Baba na Mama hawajui kuwa nakuomba hili.

Wanakusalimu wote wawili, na mdogo wangu Jad pia. Bibi yupo hapa kando yangu, anadhani naandika salamu tu. Ameniagiza nikwambie kwamba paa limefagiliwa, na nafasi ya sola zako ipo, hakuna atakayeigusa.

Mungu akukinge na baridi ya huko, nasi atukinge na ya huku.

Wako akupendaye,
Hanin