Bakuli la Mama Mwenye Nyumba

Jumanne jioni

Wewe utakayeokota daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja.

Kinyoka changu kisicho na sumu, nilichokitoa stoo ya mafaili kabla wenzangu ofisini hawajakipiga, leo kimekula. Nilikosea mwanzoni kukiweka kwenye sanduku kubwa. Upana ulikitisha, kikagoma kula wiki mbili. Juzi nikakihamishia bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Nikatoboa mfuniko kwa msumari wa moto, nikaweka maji na kipande cha mwanzi cha kujifichia.

Bakuli ni la mama mwenye nyumba. Aliniletea mihogo ndani yake.

Leo amegonga mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bakuli langu, mwanangu?"

"Kesho, mama."

"Usilirudishe tupu," akasema huku akicheka.

Akikiona atakiua, nami nitahama siku hiyohiyo. Ningenunua jingine, lakini lake ameliandika jina chini kwa rangi ya kucha. Na kinyoka ndiyo kwanza kimeanza kula, nikikihamisha tena...

Ukija kunirudishia daftari usinikute chumbani, niulizie ofisini, dirisha la mwisho. Nyoka usimtaje. Sema umeniletea bakuli.