Simu ya Mama Haina Maandishi

Jumatatu, 3 Machi
Ndanu amenyonya, amenivuta nywele, amelala. Nguo ziko kwa kamba. Tangu asubuhi nakata picha ya punda kwa simu na masikio bado yanakatika. Kidole changu ni kikubwa kuliko sikio la punda.

Niandike sababu nisije nikasahau kwa nini najitesa. Kaka yangu Kimanzi anataka kumtoa Mama Nunguni aende kuishi kwake Kitui mjini. Anasema Mama ako peke yake na simu haiwezi. Ni kweli haiwezi. Hajui kusoma. Ile simu ya kwanza alikuwa akitaka mimi anampigia mzee anayesaga unga pale poshomili, mara tatu kwa siku, mpaka bibi ya yule mzee akaja kuuliza kuna nini.

Kimanzi atakuja Jumapili ya tarehe 23. Mama akimpigia mwenyewe, bila kuonyeshwa, anabaki kwa shamba lake. Asipoweza, anabeba nguo. Mama amesema huko Kitui kwa Kimanzi hakuna hata mahali pa kupanda kitunguu. Alilia. Mimi pia.

Jumatano, 5 Machi
Hii simu ni mkono wa pili, nimepewa na Kyalo, fundi wa hapa Salama. Ametoa mambo yote ya kampuni akaweka mfumo mwingine. Anasema imefunguliwa mpaka jikoni, unaweza kubadilisha picha yoyote, hata zile ndogo za juu kabisa. Akasema za juu nisiguse.

Picha za kiwanda Mama hazimsaidii. Ile ya kijani ya kupiga simu anasema ni mfupa. Ile ya barua anasema ni mto wa kulalia. Kwa hivyo natoa zote. Nilimuuliza, ukimfikiria Kimanzi unaona nini? Hakungoja hata. Punda. Na mimi? Kikombe cha bluu. Pasta? Kuku. Nikamwambia Mama, hiyo si heshima. Akasema yeye hajawahi kumwona pasta siku ambayo hakuna kuku.

Punda ameisha leo. Sikio moja ni fupi. Mwenye punda aliniona nikimpiga picha akauliza kama nanunua. Nikamwambia hapana, ni ya kaka yangu. Aliondoka na punda wake haraka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimegusa za juu.

Nilitaka betri iwe mtungi wa maji, ule wa njano. Mama haelewi asilimia, lakini mtungi ukibaki nusu huwa halali vizuri. Niliona ni akili sana. Nikaweka, nikazima, nikawasha. Sasa inawaka, inaonyesha kiduara kinazunguka, inazima. Inawaka. Inazima. Tangu saa nne.

Nimeua simu ya Mama kabla hajaishika. Mimi ni mjinga. Baba Ndanu amesema labda imechoka. Nimemwambia anyamaze.

Jumatatu, 10 Machi
Imefufuka. Kyalo alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. Picha yangu ya mtungi ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake, ndio simu ikachanganyikiwa. Inatakiwa kipimo kilekile cha ile unayotoa. Tena si mtungi mmoja, ni mingi, kutoka uliojaa mpaka mtupu. Nimechora kumi na moja na Ndanu akiwa mgongoni.

Zile zingine zilifutika zote. Punda nilikuwa nimemhifadhi kwa simu yangu. Mungu yuko. Sikio bado fupi.

Alhamisi, 13 Machi
Imeisha. Punda, kikombe, kuku, na koroboi ya kuwasha tochi. Vinne tu, vikubwa, hakuna herufi hata moja. Unafinya punda, Kimanzi anapigiwa. Mtungi uko juu pembeni. Nimeifinya mara kama thelathini, haikosei.

Nikaongeza kitu cha kumfurahisha. Ikiwa imefungwa, mbele kunatokea picha ya Baba Ndanu amembeba Ndanu baada ya kuoga, wote wanacheka, Baba Ndanu na vesti yake. Mama atakuwa anamwona mjukuu kila akiamka. Nimejivunia sana. Sikumaliza shule lakini hii nimeweza.

Jumamosi, 15 Machi
Nunguni. Ukungu, matope mpaka kwa magoti. Mimi nilikuwa nafungua simu, Mama anafinya. Akafinya kikombe, simu yangu ikalia kwa mkoba. Akaruka. Akafinya tena. Akaiambia, "Wewe una adabu kuliko ile ingine."

Nimerudi na furaha. Jumatatu atanipigia mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi
Hajapiga. Jana hajapiga. Nikipiga inalia mpaka inachoka.

Jumatano, 19 Machi
Hakuna. Nimepigia jirani yake. Amesema Mama ako sawa, anapanda maharagwe. Na simu? Simu imefungwa kwa leso, imewekwa kwa kiti cha wageni. Ikilia, Mama anatoka nje.

Nje? Sielewi kitu. Zimebaki siku nne. Labda Kimanzi anasema ukweli kuhusu Mama. Nachukia kuandika hivyo.

Alhamisi, 20 Machi
Nimepanda Nunguni asubuhi na mtoto. Nimemkuta Mama shambani na jembe. Sikusalimia hata. Nikamuuliza mbona ameniaibisha. Akasimama, akanitazama kama mtu ambaye amelea vibaya.

"Mwende. Unataka nimpapase mkwe wangu kifuani kila asubuhi?"

Nikataka ardhi inimeze. Kwetu Wakamba mama na mume wa binti yake wana nthoni, ile aibu ya heshima. Hawasalimiani kwa mkono. Hawali meza moja. Baba Ndanu akifika, Mama anahamia jikoni mpaka aondoke. Na mimi, mwenye akili, nimemwekea huyo mtu kwa skrini, na vesti. Na hiyo simu kuifungua lazima upitishe kidole kutoka kwa tumbo mpaka shingoni.

Amesema siku ya kwanza alijaribu akiwa amefumba macho. Kidole kikaenda kando. Akafumbua, mkwe bado anacheka. Akamfunga kwa leso vizuri, akamweka kwa kiti cha wageni kama anavyostahili. Sasa amwite nani aje amtoe? Na ikilia, si ni mkwe yuko sebuleni? Ndio anatoka nje.

Nilicheka mpaka nikakaa kwa matope. Mama hakucheka. Baadaye alicheka.

Nimemtoa. Mama amechagua picha ya kiondo anachosuka, ile mistari yake. Akafungua mwenyewe mara saba. Nikiondoka alikuwa bado anafungua.

Jioni nimemwambia Baba Ndanu. Ameweka ugali chini. Akauliza, "Aligusa wapi?" Nikamwambia hakugusa. Hakumaliza kula.

Jumapili, 23 Machi
Baada ya kanisa nimepanda Nunguni na Ndanu. Kimanzi alikuja na gari la rafiki yake, lina nafasi ya mizigo. Niliona hiyo nafasi.

Baada ya chakula akaweka simu yake mezani. "Haya Mama. Nipigie." Akaniambia nirudi nyuma, nisimame mlangoni. Nikasimama na Ndanu. Mama akafuta mikono, akatoa simu kwa kiondo, akaifungua. Akaangalia juu. Akasema, "Maji iko nusu."

Kimanzi akanigeukia. Uso wake unasema, umeona? Akili imeanza kwenda.

Simu yake ikalia.

Ikalia tena. Hakuishika. Alichukua ya Mama aone alivyofanya, na hapo ndio alikutana na punda.

"Hii ni nini?"
"Ni wewe," Mama akasema.
"Mimi ni punda?"
"Ungetaka uwe kuku? Kuku ni pasta."

Nilitazama dari. Kimanzi akafura. Akasema Mwende ndiye amemfunza Mama kumtukana. Mama akamwambia akae chini.

"Baba yenu alikufa ukiwa darasa la sita," akasema. "Ni nani alibeba maji ya hii nyumba mpaka huyu akajua kuandika jina lake? Mimi nikifunga macho nakuona kwa ile njia, na mitungi mbili. Sijui jina lingine la hiyo kazi."

Kimanzi alisimama. Alitoka akaenda kuangalia mitaro ya shamba, akakaa huko sana. Kurudi, macho mekundu. Akasema vumbi. Tangu Ijumaa imenyesha.

Akanywa chai. Akasema Mama abaki, lakini achaji kila siku kwa ile sola. Halafu akavuta simu karibu, akaitazama.

"Mbona sikio moja ni fupi?"

Alhamisi, 27 Machi
Simu imelia nikifua. Nimepanguza mikono kwa nguo. Mama.

Nikauliza kuna nini. Hakuna. Akauliza Ndanu ako aje. Ako sawa. Na wewe? Akasema amekunywa chai. Kwa kikombe gani? Kwa kile chako.

Huko kwake mvua ilikuwa inapiga mabati, huku Salama jua tupu. Nimemwekea Ndanu simu kwa sikio, akaanza kutafuta nyanya yake nyuma ya simu. Tumekaa hivyo.

Halafu akasema mtungi umebaki kidogo, anaenda kuujaza.